Je, Kusadikika Yako Ni ya 1951? Ushauri kwa Wanaokusanya Riwaya za Ajabu na Kicheko

Kutoka Rugu, Kayanga, Omurushaka na hata ng'ambo ya wilaya huko Nkwenda, wasomaji huuliza jambo lile lile. Mtu amefungua sanduku la marehemu mzazi wake aliyekuwa mwalimu, humo amekuta Kusadikika au Adili na Nduguze yenye kurasa za manjano, naye anataka kujua mambo mawili: je, hili ni toleo la kwanza, na litauzwa shilingi ngapi? Swali la pili ndilo huulizwa kwa haraka zaidi, na haraka hiyo ndiyo huharibu jibu la swali la kwanza. Mwenye kutafuta bei hung'arisha kitabu, hufuta majina yaliyoandikwa ndani, hubandika jalada jipya, na akimaliza ameshapoteza kile kilichokipa kitabu thamani.

Hoja nitakayoisimamia hapa ni kwamba toleo la kwanza la riwaya ya Kiswahili ni ushahidi. Linatuonyesha maneno yalivyopangwa siku yalipotoka kwa mchapaji, michoro iliyoambatana nayo, aliyetoa kibali, na mikono iliyokishika kitabu baadaye. Ukilikubali hilo, kila hatua inayofuata hujipanga yenyewe: unachokitafuta, unachokiacha, unavyokinunua na unavyokitunza. Bei itakuja mwishoni, mahali pake.

Anza na uwanja mdogo

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kuokota kila kitabu cha zamani. Baada ya mwaka wana rafu iliyojaa vitabu vya kiada, katekisimu na kamusi zisizo na majalada, na hawawezi kueleza wanakusanya nini. Chagua aina moja. Ninayoipendekeza ni riwaya za ajabu zenye kicheko ndani yake, zile ambazo nchi huning'inia angani, wafu hurudi kuwahoji walio hai, na wanyama huendesha serikali. Kiswahili kina vitabu vya namna hii vya kutosha kujaza rafu moja, na ni vichache kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kuvifahamu vyote. Orodha ya kuanzia inaweza kuwa hii:

- Elisi Katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya hadithi maarufu ya Lewis Carroll, Sheldon Press, London, 1940.
- Kusadikika ya Shaaban Robert, Nelson, 1951.
- Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, Macmillan, 1952.
- Kufikirika ya Shaaban Robert, Oxford University Press, Nairobi, 1967.
- Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya riwaya ya George Orwell, East African Publishing House, Nairobi, 1967.
- Walenisi ya Katama Mkangi, East African Educational Publishers, Nairobi, 1995.
- Ziraili na Zirani ya William Mkufya, Hekima, 1999.
- Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, Jomo Kenyatta Foundation, Nairobi, 2001.
- Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, Phoenix, Nairobi, 2002.

Najua kuna atakayepinga kwamba Shaaban Robert aliandika maadili, hakuandika vichekesho. Pingamizi hilo linatokana na jinsi alivyofundishwa darasani, ambako kila ukurasa ulidaiwa utoe funzo. Soma Kusadikika polepole. Karama anashitakiwa kwa kosa la kutaka kufundisha sheria, na baraza zima la watu wazito linakaa kumsikiliza katika nchi isiyogusa ardhi. Hiyo ni dhihaka iliyovaa joho. Katika Adili na Nduguze, ndugu wawili wenye husuda wamegeuzwa na majini kuwa manyani, na gavana mwema analazimika kuwacharaza usiku baada ya usiku. Msomaji anacheka kwanza, kisha anaona haya kwa kucheka. Kwa Mkangi kicheko ni kikali zaidi: Dzombo anarushwa angani kama adhabu, anatua Walenisi, na jina la nchi hiyo ukilikata vipande linakurudisha kwetu sisi wenyewe. Ziraili na Zirani ndiyo nzito kuliko zote katika orodha hii, na anayetaka kicheko chepesi anaweza kuiacha bila kosa. Nagona na Mzingile za Euphrase Kezilahabi sikuziweka kwa sababu hiyo hiyo.

Je, maneno si yale yale?

Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na linastahili jibu refu. Mtu husema: nina Kusadikika iliyochapishwa juzi, ni safi, herufi zinasomeka, hadithi ni ile ile; ya 1951 itanifaa nini? Kama unachotaka ni hadithi tu, basi haitakufaa chochote, nawe nunua ya juzi kwa moyo mweupe. Lakini chapa za baadaye hubadilisha mambo bila kupiga mbiu. Tahajia husawazishwa, utangulizi huongezwa au huondolewa, michoro hubadilishwa au hufutwa ili kupunguza gharama, maswali ya mazoezi huchomekwa mwishoni mwa sura. Hakuna lolote kati ya haya lililo dhambi, ila kila badiliko hufuta kidogo alama ya wakati kitabu kilipozaliwa.

Chukua Elisi ya 1940. Michoro yake inamwonyesha Elisi akiwa msichana wa Kiafrika, jambo ambalo huwezi kulikisia kwa kusoma maneno peke yake. Mwaka 2015 ilitoka tafsiri nyingine kabisa, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Anayeziweka mbili hizo bega kwa bega anaona jinsi wafasiri wawili, walioachana kwa miaka 75, walivyohangaika kuuchekesha umma wa Waswahili kwa mizaha iliyozaliwa katika Kiingereza. Ukiwa na moja tu, una hadithi. Ukiwa nazo mbili, una historia ya mzaha katika lugha yetu.

Vitabu vingi vya enzi ya ukoloni vina pia tamko la kibali la ile Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930 na ambayo kazi yake ilirithiwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1964. Tamko hilo la mistari michache linatuambia kwamba Kiswahili cha kitabu kilipimwa na watu wa kamati kabla hakijafika dukani. Chapa za baadaye hazina sababu ya kulibeba. Huko Nigeria, Amos Tutuola alipotoa riwaya yake ya ajabu na kicheko, The Palm-Wine Drinkard, Faber ya London iliichapisha mwaka 1952 pamoja na picha ya ukurasa mmoja wa mswada wake, masahihisho ya mhariri yakionekana juu ya mwandiko. Ukurasa huo umewapa wasomaji mjadala mpana juu ya nani alikuwa na haki ya kukigusa Kiingereza cha Tutuola. Mambo ya namna hii hukaa kwenye kitabu chenyewe, na hupotea kitabu kikipotea.

Kupima umri wa kitabu

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu ya mstari mmoja tu. Ukurasa wa hakimiliki, ule wa nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu, husema kwamba kitabu kilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka fulani. Mstari huo hubaki pale pale katika kila chapa inayofuata, hata baada ya miaka 50. Mwaka wa toleo la kwanza, basi, hautoshi kuthibitisha kwamba ulichoshika ndicho toleo la kwanza. Pia tofautisha toleo na chapa. Toleo hubadilika maandishi yanapopangwa upya. Chapa ni mara ambayo mashine iliwashwa. Mkusanyaji hutafuta chapa ya kwanza ya toleo la kwanza, na akiambiwa tu "toleo la kwanza" aulize la chapa ya ngapi.

Pitia dalili hizi moja baada ya nyingine, ukiwa mahali penye mwanga:

- Soma mistari iliyo chini ya mwaka wa kwanza. Ikitaja miaka mingine ya kuchapishwa tena, mwaka wa mwisho ndio umri wa nakala yako.
- Tafuta mstari wa tarakimu, kwa mfano kutoka 1 hadi 10. Kwa kawaida tarakimu ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo namba ya chapa. Vitabu vya zamani vya Afrika Mashariki mara nyingi havina mstari huu, na kukosekana kwake hakuthibitishi lolote.
- Tazama ISBN. Namba hizi zilienea duniani kuanzia mwaka 1970 hivi. Kusadikika yenye ISBN haiwezi kuwa ya 1951, wala Adili na Nduguze yenye ISBN haiwezi kuwa ya 1952.
- Hesabu tarakimu za ISBN. Hadi mwisho wa 2006 zilikuwa 10. Tangu Januari 2007 ni 13. Walenisi yenye ISBN ya tarakimu 13 ni chapa ya baadaye, hata kama ukurasa unasema 1995.
- Soma anwani. Jina Tanzania lilianza kutumika mwaka 1964. Kitabu kinachodaiwa kuwa cha 1952 na kina anwani ya mchapishaji nchini Tanzania kinajikana chenyewe.
- Soma jina la mchapishaji. East African Educational Publishers ilichukua jina hilo mwaka 1992. Kabla ya hapo ilikuwa Heinemann Kenya. Mafuta, riwaya nyingine ya Mkangi, ilitoka Heinemann mwaka 1984. Ukiiona na jina jipya, ni chapa ya baadaye.
- Kama bei imechapishwa kwenye jalada kwa shilingi na peni za Uingereza, kitabu hakiwezi kuwa cha baada ya mwaka 1971 kwa mbali, maana ndipo Waingereza walipobadili fedha zao. Dalili hii hutumika kukanusha zaidi kuliko kuthibitisha.

Dalili moja haitoshi. Zikikubaliana tatu, una sababu ya kuamini. Zikipingana, iamini ile inayosogeza kitabu karibu na leo, maana mchapishaji husahau kuondoa vitu vya zamani, lakini hawezi kuchapa leo kitu ambacho bado hakijakuwapo.

Sahihi za waandishi zinahitaji tahadhari ya peke yake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kufikirika ilitoka 1967, na Utubora Mkulima pamoja na Siku ya Watenzi Wote zilifuata 1968. Mtu akikuletea mojawapo ya hizo tatu ikiwa na sahihi ya Shaaban Robert, mrudishie na uende zako. Na kwa vitabu vya waandishi walio hai, sahihi yenye tarehe na mahali ni bora kuliko sahihi tupu, kwa kuwa inaweza kulinganishwa na mahali mwandishi alipokuwa siku hiyo.

Makosa yanayoua kitabu

Mengi hufanywa kwa nia njema. Gundi ya plastiki, ile selotepu ya dukani, ndiyo adui mkubwa: baada ya miaka michache huacha doa la kahawia ambalo haliondoki, na ukiibandua huondoka na karatasi. Pili ni kupeleka kitabu kwa fundi wa kujalidi ambaye hukata kingo zote ili ziwe sawa na kutupa jalada la awali. Tatu ni kufuta majina. Jina la mwalimu wa shule ya msingi, tarehe ya penseli, hesabu ya madeni ya sabuni iliyoandikwa ndani ya jalada, vyote hivyo hueleza jinsi riwaya ya London ilivyofika Karagwe na nani aliisoma. Mkusanyaji wa Ulaya anaweza kutaka nakala isiyoguswa na mkono. Sisi vitabu vyetu vilisomwa na mtaa mzima, na alama za kusomwa huko ni sehemu ya ushahidi niliouzungumzia. Usifute.

Kama jalada limelegea, funga kitabu kwa utepe wa pamba usiobana, kisha ukiache hivyo. Kama kilikuwa na karatasi ya nje inayofunika jalada gumu, hata ikiwa imechanika nusu, itunze pamoja nacho. Karatasi hizo ndizo hutupwa kwanza, na kwa hiyo ndizo adimu kuliko vyote.

Kununua bila kuumia

Kwa mtu aliye Rugu, hazina kubwa iko karibu: masanduku ya walimu wastaafu, makabati ya misheni, vyumba vya vitabu vya shule za zamani. Ukitoka nje ya mkoa, wauzaji wa vitabu vya mitumba katikati ya Dar es Salaam na Nairobi hupata vitu vizuri, ila bila mpangilio. Waachie orodha yako na namba ya simu, kwa sababu hawana muda wa kukumbuka jina ulilolitaja mara moja.

Kitabu chenye muhuri wa shule au maktaba kinahitaji maelezo. Ikiwa ndani hakuna muhuri au barua inayoonyesha kwamba kiliondolewa rasmi, usikinunue, hata kama muuzaji anaapa. Zungumza na taasisi husika. Wakati mwingine mkuu wa shule atakubali kubadilishana: yeye apate nakala mpya kumi ambazo wanafunzi watazisoma, wewe upate moja ya zamani, na makubaliano yaandikwe na kugongwa muhuri. Hilo linajibu pia lawama kwamba mkusanyaji huwanyang'anya watoto vitabu. Akifanya hivi, huwaongezea.

Kwa ununuzi wa mbali:

- Omba picha ya jalada, ya mgongo, ya ukurasa wa hakimiliki na ya kurasa mbili za katikati. Anayekataa picha ya hakimiliki anajua kwa nini anakataa.
- Usitume fedha zote kwa simu kabla ya kuona. Ujumbe wa "tuma kwenye namba hii" umewaliza watu wenye akili timamu.
- Kama una ndugu au rafiki mjini aliko muuzaji, aende akishike kwa mkono kabla ya malipo.
- Kifurushi cha basi kifungwe kwa nailoni ndani na boksi gumu nje, kwa kuwa kitakaa chini ya mizigo mingine hadi Kayanga.

Kutunza katika hali ya hewa yetu

Karagwe na Kyerwa ziko juu, nyumba nyingi zina misimu miwili ya mvua ya kupambana nayo, na unyevu wa asubuhi huingia hata kwenye chumba kilichofungwa. Wengi hukimbilia mfuko wa nailoni. Usifanye hivyo kwa utunzaji wa kudumu: unyevu ulionaswa ndani huzaa ukungu haraka kuliko unyevu wa chumbani. Boksi la kadibodi safi lenye nafasi ya hewa ni bora. Weka rafu mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, uipe miguu, na uchunguze miguu hiyo kila wiki, maana mchwa hawapigi hodi. Usihifadhi vitabu chumba kimoja na magunia ya kahawa au mahindi. Wadudu na unyevu wa nafaka havibagui. Moshi wa jikoni hukausha na kugeuza karatasi kuwa ngumu, na jua la dirishani hufuta rangi ya mgongo.

Kitabu kipya kitengwe kwanza kwa mwezi mmoja mbali na vingine. Ukiona unga mwembamba ukidondoka au vitundu kwenye mgongo, kifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, kigandishe ndani ya friza kwa wiki mbili, kisha kiache kiyeyuke kikiwa bado ndani ya mfuko. Dawa za kupuliza za mende zisiguse karatasi kabisa.

Sasa, pesa

Riwaya za ajabu na kicheko zinaweza kupanda bei sana kwingineko. The Colour of Magic ya Terry Pratchett, iliyotoka Uingereza mwaka 1983, ilianza na nakala 506 tu kwa soko la nchi hiyo, na leo hugombewa. Wanaosikia habari hiyo hudhani Kusadikika ya sandukuni itafuata njia ile ile. Tofauti ni kwamba kule kuna wanunuzi wengi wanaoshindana, minada inayotangaza bei, na orodha zinazokubalika. Kwetu soko hilo bado halijajengwa. Mnunuzi anaweza kupatikana, chuo kikuu cha nje kinaweza kuuliza, lakini huwezi kupanga ada ya mtoto juu ya uwezekano huo. Usikope kununua vitabu. Usiuze ng'ombe. Tenga kiasi ambacho kikipotea nyumba haitatikisika, na ununue nakala moja nzuri badala ya tano zilizooza.

Daftari, kisha mrithi

Kitabu kisicho na maelezo ya kilikotoka kimepoteza nusu ya ushahidi wake. Fungua daftari gumu, si simu peke yake, na kwa kila nakala andika: jina la kitabu na mwandishi, mchapishaji, mji na mwaka, dalili ulizotumia kuamua chapa, majina na mihuri iliyomo, mtu uliyekipata kwake na kwa makubaliano gani, hali yake siku ulipokipokea, na lolote ulilosimuliwa juu ya safari yake. Kama mjane wa mwalimu amekueleza kwamba mumewe alikinunua Bukoba akiwa chuoni, andika siku hiyo hiyo, kwa maneno yake.

Halafu amua mapema nani atakipokea. Vitabu vingi vya aina hii huishia kufungia maandazi wiki chache baada ya msiba, kwa sababu hakuna aliyeambiwa ni nini. Mwonyeshe mtoto mmoja, au mpwa anayependa kusoma, daftari lilipo. Ikiwa hakuna anayetaka, zungumza ungali hai na maktaba ya mkoa iliyoko Bukoba chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, au na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yenye kitengo cha vitabu vya Afrika Mashariki. Uliza kwanza wanavyopokea zawadi, kama wataziweka pamoja au watazitawanya, na kama daftari litapokelewa pamoja na vitabu. Wakikubali, andikishaneni, na nakala ya maandishi hayo iwekwe ndani ya boksi la kwanza.